Chalbi na Ziwa Turkana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia ya watu wa jangwa la kaskazini mwa Kenya

Haya ni maswali ambayo wanafunzi, wasafiri na hata Wakenya wa kusini hurudia kuuliza kuhusu nchi iliyo kati ya mlima Marsabit na mpaka wa Uganda. Mengi yana mzizi mmoja, nao ni imani kwamba huko hakuna kitu na hakukuwahi kuwa na mtu. Imani hiyo si kweli, na pia haikuwa ya bure. Kila enzi imekuwa na watu walionufaika kwa kuiita nchi hii tupu.

## Mahali penyewe

Jangwa la Chalbi liko wapi, na linahusianaje na Ziwa Turkana?

Chalbi iko katika Kaunti ya Marsabit, mashariki mwa ziwa. Ni uwanda mpana wa udongo na chumvi, mweupe wakati wa kiangazi. Mvua kubwa ikinyesha hugeuka tope na maji ya kina kifupi, na malori hukwama humo kwa siku kadhaa. North Horr, Kalacha na Maikona zimekaa pembeni mwake kwa sababu ndiko kwenye chemchemi na visima. Kaskazini kuna vilima vya Huri, kusini-magharibi mlima Kulal, na kusini-mashariki msitu wa Marsabit. Milima hiyo hunasa ukungu na mvua ambayo bonde halipati.

Ziwa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, na ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya kudumu yaliyo jangwani duniani. Takriban asilimia 90 ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na hakuna mto unaotoka. Ndiyo maana maji yake yana magadi. Watu huyanywa wanapokosa mengine, na madini yake huonekana kwenye meno na mifupa ya waliokulia ufukweni. Ng'ambo ya magharibi ni Kaunti ya Turkana, yenye miji ya Lodwar, Kalokol, Lokitaung na Kakuma.

Katika majibu haya tunazungumzia pande zote mbili za ziwa, kwa sababu historia yake ni moja.

Ni kweli kwamba hakuna watu wanaoishi huko?

Hapana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 katika Kaunti ya Turkana na 459,785 katika Marsabit. Ni kweli kwamba Marsabit ina watu wachache kwa kila kilomita ya mraba, lakini uchache huo una mpango wake. Katika nchi ya mvua haba, malisho huota hapa mwaka huu na kule mwaka ujao. Mfugaji anayekaa mahali pamoja huzika mifugo yake, kwa hiyo watu hutawanyika, na ardhi inayoonekana kuachwa huwa ni akiba ya kiangazi yenye wenyewe wanaoijua.

Visima ndivyo vinavyoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mgeni huona shimo lenye ngazi za miti na watu wakipokezana ndoo huku wakiimba. Mwenyeji huona ukoo uliolichimba, zamu ya leo ni ya nani, ngamia wa nani wanywe kwanza, na nani aombwe ruhusa. Sheria hizo haziandikwi popote, na mtu anayezivunja huitwa mbele ya wazee.

## Kabla ya jangwa

Kwa nini visukuku vingi vya binadamu wa kale vimepatikana hapa?

Bonde hili ni sehemu ya Bonde la Ufa. Kwa mamilioni ya miaka mito na ziwa vilizika mifupa chini ya matope, na volkano zikamwaga majivu juu yake. Majivu hayo yanaweza kupimwa umri, hivyo mfupa uliolala kati ya tabaka mbili hujulikana ni wa lini. Kisha ukame ukaja, mimea ikapungua, na upepo na mafuriko ya ghafla yakaanza kuifukua tena mifupa hiyo.

Richard Leakey alianza utafiti Koobi Fora, upande wa mashariki, mwaka 1968. Vitabu vya shule humtaja yeye na jamaa zake, na ni haki yao. Lakini macho yaliyoona mifupa hiyo ardhini mara nyingi yalikuwa ya Wakenya wengine ambao majina yao hayafundishwi vya kutosha. Fuvu linaloitwa 1470, la takriban miaka milioni 2, liligunduliwa na Bernard Ngeneo mwaka 1972. Justus Erus alipata fuvu la Kenyanthropus platyops, la miaka milioni 3.5, huko Lomekwi mwaka 1999. Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, alipata mengi kuliko karibu mtu yeyote katika fani hiyo, yakiwemo mabaki yanayoelezwa katika swali linalofuata.

Lomekwi hiyohiyo, mwaka 2011, timu ya Sonia Harmand ilikuta zana za mawe za miaka milioni 3.3. Ndizo zana za kale kuliko zote zinazojulikana, na zilichongwa kabla jenasi yetu, Homo, haijaonekana katika visukuku.

Mvulana wa Turkana ni nani?

Ni mtoto wa spishi ya Homo erectus aliyekufa kando ya kinamasi huko Nariokotome, magharibi mwa ziwa, zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu lake mwaka 1984, na wachimbaji waliendelea kutoa mfupa baada ya mfupa mpaka wakapata sehemu kubwa ya mwili mzima, jambo ambalo ni nadra sana kwa umri huo. Meno yanaonyesha alikuwa na miaka minane au tisa hivi, ila alikwisha kuwa mrefu, na miguu yake ilikuwa ya mtembeaji wa masafa kama yetu. Mabaki yamehifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi.

Je, ni babu yetu wa moja kwa moja?

Spishi yake inahesabiwa na wataalamu wengi kuwa katika ukoo uliotuzaa. Yeye binafsi alikufa mtoto, na hakuna namna ya kumfuatilia mtu mmoja. Isitoshe, hakuwa peke yake hapa. Mwaka 2024 watafiti walitangaza nyayo za miaka milioni 1.5 kutoka Koobi Fora zinazoonyesha spishi mbili tofauti zikipita kwenye tope lilelile la ufukweni, kwa tofauti ya saa au siku chache tu.

Ukitaka kuwakuta watu kama sisi kabisa, panda mto Omo hadi Kibish, upande wa Ethiopia. Mabaki ya Homo sapiens yaliyopatikana huko yana umri wa angalau miaka 230,000 kwa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2022.

Chalbi iliwahi kuwa na maji?

Ndiyo. Kati ya miaka kama 11,000 na 5,000 iliyopita mvua za Afrika zilikuwa kubwa kuliko za leo. Ziwa Turkana lilipanda makumi ya mita juu ya lilipo sasa na kumwaga maji yake kuelekea mto Nile, na bonde la Chalbi nalo lilikuwa ziwa. Ndiyo sababu mbuta, samaki wa Nile, anavuliwa katika ziwa lililozungukwa na jangwa.

Watu wa enzi hiyo walikuwa wavuvi. Huko Lothagam, magharibi mwa ziwa, na kwingineko wameacha machusa ya mfupa yenye meno, mifupa ya samaki na makaburi, katika sehemu ambazo leo ziko mbali na maji. Hakuna aliyefuga mnyama wakati huo.

Nataruk kulitokea nini?

Mwaka 2012 timu ya Marta Mirazón Lahr ilichimbua mabaki ya watu wasiopungua 27 mahali paitwapo Nataruk, kusini-magharibi mwa ziwa, palipokuwa ufukwe miaka kama 10,000 iliyopita. Mafuvu kadhaa yalikuwa yamevunjwa, na vipande vya mawe makali vilikuwa vimekwama mwilini. Mmoja wa waliokufa alikuwa mwanamke mwenye mimba kubwa. Hawakuzikwa.

Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016 yalitajwa kuwa ushahidi wa shambulio kati ya makundi ya wawindaji. Wapo wataalamu wanaobisha kwamba majeraha mengine huenda yalitokea baada ya kifo. Hata hivyo, usiwaamini wanaolitumia tukio hili kusema watu wa kaskazini "wana vita vya asili tangu zamani". Kati ya Nataruk na wizi wa mifugo wa leo kuna miaka elfu kumi, na mambo yaliyoleta bunduki yanajulikana. Tazama swali kuhusu uhasama hapo chini.

Nguzo za mawe karibu na Kalokol zilijengwa na nani?

Nguzo hizo za mawe meusi ya volkano, kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, huitwa Namoratunga. Waturkana husimulia kwamba walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Wapita njia huweka kijiwe juu ya nguzo, na desturi hiyo ingalipo.

Mwaka 1978 watafiti wawili walidai kwamba nguzo zilipangwa kwa kufuata nyota, kama kalenda. Dai hilo linapendwa sana mtandaoni lakini limepingwa kwa hoja nzito, na kwa maoni yangu ukweli uliojulikana baadaye unavutia zaidi. Nguzo za namna hii, zipatikanazo pande zote mbili za ziwa, ni kazi ya wafugaji wa kwanza wa eneo hili, kama miaka 5,000 iliyopita, wakati mvua zilipokuwa zikikatika na ziwa likirudi nyuma.

Mfano mkubwa ni Lothagam Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2018. Jukwaa la mawe lenye upana wa takriban mita 30 lilijengwa juu ya makaburi, na inakadiriwa watu wasiopungua 580 walizikwa humo kwa vizazi kadhaa. Wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga wamelala pamoja, karibu kila mmoja akiwa na shanga au mapambo yake, na hakuna kaburi la mfalme. Tumezoea kuambiwa kwamba majengo makubwa hudai mtawala na watumwa. Watu hawa walikuwa wafugaji waliohamahama, nchi yao ikikauka mbele ya macho yao, na bado walikubaliana mahali pamoja pa kuwaweka wafu wao wote.

## Watu wa sasa na walikotoka

Ni makabila gani yanaishi huko?

Magharibi mwa ziwa ni Waturkana. Kaskazini, kwenye delta ya Omo na Ileret, ni Wadassanech. Mashariki ni Wagabra katika Chalbi na vilima vya Huri, Warendille kusini mwao kuelekea Kargi, Korr na Laisamis, Wasamburu kusini zaidi, na El Molo ufukweni karibu na Loiyangalani. Waborana, Waburji, Wasakuye na Wasomali wako Marsabit, Moyale na kando ya barabara kuu. Orodha hii haina mipaka mikali, kwa kuwa familia nyingi zina jamaa katika kabila la pili.

Waturkana walitoka wapi?

Lugha yao ni ya Kiniloti ya mashariki, ndugu ya lugha za Wajie na Wakaramojong wa Uganda. Masimulizi ya pande zote mbili yanamtaja Nayeche, mwanamke aliyefuata nyayo za fahali aliyepotea. Aliteremka kutoka nyanda za Karamoja hadi bonde la Tarach, akakuta matunda ya mwitu na malisho, na vijana waliomfuata hawakurudi. Kilima kinachobeba jina lake, Moru Anayeche, kinaheshimiwa hadi leo. Wanahistoria wanakadiria kwamba kuenea kwao kuelekea ziwani kulifanyika hasa katika karne ya 18 na ya 19, wakiwameza au kuwasukuma waliowatangulia.

Kwamba kabila linalojulikana kwa ushujaa wa vita linamweka mwanamke mwokota matunda mwanzoni mwa historia yake ni jambo linalostahili kutajwa kila Waturkana wanapoelezwa.

Mbona Wagabra na Warendille wanafanana kwa ngamia lakini lugha ni tofauti?

Wagabra huzungumza Kiborana, tawi la Kioromo, ilhali Kirendille kiko karibu na Kisomali. Chini ya tofauti hiyo kuna msingi mmoja wa ufugaji wa ngamia. Nyumba hufungashwa mgongoni mwa ngamia. Katikati ya makazi huwa na ua wa wazee uitwao naabo, penye moto na sala. Zipo hata koo zinazojitambua kuwa ndugu kuvuka mpaka wa kabila. Mrendille akifika kwa Wagabra wa ukoo unaolingana na wake, hapokewi kama mgeni.

Wagabra wana mwaka wa siku 365, na kila mwaka hupewa jina la siku ya juma ulioanza nayo, basi miaka huzunguka kwa saba. Wazee hukumbuka ukame, vita na mazazi kwa mfuatano huo. Mtu anayesema watu wa jangwa hawana historia kwa kuwa hawakuandika, akae jioni moja na mzee anayehesabu miaka hiyo kurudi nyuma.

El Molo bado wapo?

Wapo, katika vijiji vya Layeni na Komote. Ni wachache mno, na lugha yao ya asili ya Kikushi ilitoweka katika karne ya 20 walipoanza kuzungumza Kisamburu. Maneno kadhaa yamebaki, hasa ya ziwa na samaki. Walivua kwa chusa na wavu wakiwa juu ya vyelezo vya magogo ya mkoma, na waliwinda kiboko. Walidharauliwa na wafugaji kwa kukosa mifugo, lakini ukame ulipoua mifugo ya majirani, wengi walikimbilia kwao na kuoleana nao. Kupanda kwa ziwa katika miaka ya karibuni kumeikata Komote kutoka nchi kavu na kufunika makaburi yao.

Je, makabila haya yamekuwa maadui siku zote?

La. Yamevamiana, na pia yamebadilishana mbuzi kwa nafaka, yameoana na yamegawana malisho wakati wa shida. Kilichobadilika ni silaha na siasa. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikaenea Karamoja na Turkana. Vita vya Sudan, Ethiopia na Somalia viliongeza nyingine. Kisha mashindano ya viti na mipaka ya utawala yakaupa uvamizi sababu mpya.

Tarehe 12 Julai 2005 kijiji cha Turbi kilishambuliwa alfajiri na makumi ya Wagabra wakauawa, wakiwemo wanafunzi wa shule ya msingi. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Aprili, ndege iliyobeba viongozi waliokwenda kupatanisha ilianguka Marsabit na watu 14 wakafa. Kati yao walikuwa wabunge wa pande zilizokuwa zikizozana, akiwemo Bonaya Godana, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Marsabit haijasahau siku hizo mbili, na mgeni anapaswa kuzitaja kwa upole.

## Pwani, wageni na serikali

Waswahili waliwahi kufika huko?

Ndiyo, na waliijua habari ya ziwa kabla ya Wazungu. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Mombasa na Pangani ilisukuma njia zake hadi Baringo na nchi ya Wasamburu katika karne ya 19. Mwaka 1870 mmisionari Thomas Wakefield alichapisha njia za misafara kama alivyosimuliwa na Sadi bin Ahedi, mzaliwa wa karibu na Gazi. Habari za wafanyabiashara wa pwani ndizo zilizofanya ramani za Ulaya zianze kuonyesha ziwa la "Samburu" ambalo hakuna mchoraji aliyeliona.

Basi nani "aligundua" Ziwa Turkana?

Hakuna, kama ugunduzi maana yake ni kupata kisichojulikana. Sámuel Teleki wa Hungaria na Ludwig von Höhnel walifika ufukwe wa kusini mwezi Machi 1888 na kuliita Rudolf, jina la mrithi wa ufalme wa Austria. Waliongozana na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara Mswahili wa pembe aliyeijua bara, na wapagazi wengi wa pwani. Msafara uliishiwa chakula, ukapora mifugo ya wenyeji, na wapagazi wengi walikufa kwa njaa na uchovu. Makaburi yao hayajulikani yalipo. Teleki ana volkano yenye jina lake kusini mwa ziwa.

Jina Ziwa Turkana lilitangazwa rasmi mwaka 1975.

Ni nini kilitokea miaka ya 1890?

Sotoka iliua ng'ombe Afrika Mashariki nzima, na ndui ikafuata. Wasamburu na Waborana waliumia sana. Wenye ngamia waliathirika kidogo, kwani ngamia hakuuawa na sotoka kama ng'ombe. Wakati huohuo majeshi ya Menelik, mfalme wa Ethiopia, yalishuka kutoka kaskazini yakidai kodi, pembe na mifugo. Uingereza na Ethiopia zilipatana mpaka mwaka 1907, nao ukapita katikati ya malisho ya Wagabra na Waborana bila wao kuulizwa.

"NFD" ilikuwa nini?

Ni kifupi cha jina la Kiingereza la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Waingereza waliweka kituo Marsabit mwaka 1909, si kwa ajili ya kuendeleza watu bali kuweka ukanda kati ya Ethiopia na mashamba ya walowezi. Sheria ya 1902, na baadaye ya 1934, ilifanya kaskazini kuwa eneo lililofungwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia au kutoka bila kibali, na maofisa walikuwa na mamlaka makubwa ya kukamata na kutoza faini ya mifugo kwa kabila zima.

Waturkana walipinga kwa silaha. Mwaka 1918 jeshi la Uingereza, likisaidiwa na askari kutoka Sudan, lilifanya operesheni iitwayo Labur dhidi yao na kutwaa mifugo mingi mno. Waliobaki walinyang'anywa bunduki huku majirani wa upande wa Ethiopia wakibaki na zao.

Kwa nini Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung?

Kwa sababu ilikuwa mbali na ilikuwa imefungwa. Baada ya kuhukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953, yeye na wenzake wakiwemo Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba walipelekwa huko. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, na mwaka 1961 Maralal. Serikali ya kikoloni iliichukulia nchi ya Waturkana kama ukuta wa gereza. Nyumba aliyokaa Lodwar huonyeshwa wageni hadi leo.

Vita vya shifta viliwaathiri vipi?

Mwaka 1962 tume ilikuta kwamba wengi katika NFD walitaka kujiunga na Somalia. Warendille na baadhi ya wengine walitaka kubaki Kenya. Uhuru ulipokuja bila ombi hilo kukubaliwa, vita vilianza kati ya serikali na wapiganaji waliotaka kujitenga, ambao iliwaita shifta, yaani majambazi, na hali ya hatari ikatangazwa mwishoni mwa 1963.

Jeshi liliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa, hasa kuanzia 1966. Mifugo iliyozuiliwa kutembea ilikufa, na mingine ilipigwa risasi. Wasakuye, waliokuwa watu wa ngamia, walipoteza karibu ngamia wote. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, yalituliza vita, lakini sheria za hatari ziliendelea kwa zaidi ya miaka 20. Sheria ya 1970 iliwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda. Ongeza hapo sera ya 1965 iliyoelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na mazao, utaelewa kwa nini lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika zaidi ya nusu karne baada ya uhuru.

## Miaka ya karibuni na maswali magumu

Kiwanda cha samaki cha Kalokol kilishindwa kwa nini?

Kilijengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili wafugaji waliopoteza mifugo wawe wavuvi. Kugandisha samaki katika joto lile kulihitaji umeme na maji safi ambavyo havikuwepo kwa bei inayolipa. Kisha ghuba ya Ferguson, ilikotoka sehemu kubwa ya samaki, ikakauka. Wenyeji walijua kwamba ghuba hiyo huja na kuondoka. Jengo limebaki. Uvuvi haukufa, na ngege na mbuta waliokaushwa husafirishwa mbali.

Kakuma ni sehemu ya historia hii?

Ni sehemu kubwa. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa vijana waliotembea kutoka Sudan, na baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongomani, Warundi na wengine. Kiswahili cha Kongo, cha Burundi na cha Kenya hukutana sokoni humo. Waturkana walitoa ardhi, na malalamiko yao kwamba wao ndio wenye njaa nje ya uzio yalichangia kuanzishwa kwa Kalobeyei katikati ya miaka ya 2010, makazi yaliyopangwa kuhudumia wakimbizi na wenyeji pamoja.

Mitambo ya upepo na mafuta yamewafaidi wenyeji?

Kwa kiasi, na kwa ugomvi. Kusini-mashariki mwa ziwa kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, iliyoanza kupeleka umeme kwenye gridi mwaka 2018. Ekari 150,000 za malisho zilikuwa zimeandikiwa mradi huo. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hatimiliki hizo zilitolewa kinyume cha sheria, na mvutano ukaendelea mahakamani. Hoja ya "ardhi tupu", inayojibiwa katika swali la pili la ukurasa huu, ndiyo inayorudi hapa tena.

Mafuta yalitangazwa Lokichar mwezi Machi 2012, na shehena ya kwanza ya majaribio ikasafirishwa nje kupitia Mombasa mwaka 2019 baada ya kubebwa kwa malori. Uzalishaji mkubwa uliahirishwa mara kwa mara, na mwaka 2025 kampuni ya Tullow iliuza haki zake.

Ni kweli kuna bahari ya maji chini ya Turkana?

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba uwanda wa Lotikipi, katika Kaunti ya Turkana, una hifadhi kubwa ya maji ya chini ya ardhi, na magazeti yakaandika kwamba kiu imekwisha. Vipimo vya baadaye vilionyesha maji hayo yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Visima vidogo vya Lodwar na kwingineko vinaendelea kutegemewa.

Ziwa linakauka au linajaa?

Yote mawili, kutegemea mwaka. Bwawa la Gibe III kwenye Omo lilipoanza kujazwa mwaka 2015, kina kilishuka, na mwaka 2018 UNESCO iliweka hifadhi za ziwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kisha mvua kubwa kuanzia mwisho wa 2019 zikalipandisha hadi likameza nyumba (tazama swali la El Molo). Wasiwasi kuhusu bwawa haujaisha. Samaki hutegemea mafuriko ya kila mwaka ya Omo, na bwawa hubadili majira hayo hata kama kina ni kikubwa.

Pembetatu ya Ilemi ni ya nani?

Ni eneo la malisho pale Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia zinapokutana. Kenya huitawala. Sudan Kusini inaidai, na Ethiopia inapakana nayo. Wakoloni walichora mistari kadhaa, ukiwemo wa 1938, kwa kufuata malisho ya Waturkana kama walivyoyaelewa. Watu wanaolisha humo ni Waturkana, Watoposa, Wadassanech na Wanyangatom.

Nikiona mfupa au jiwe lililochongwa, naweza kuliokota?

Hapana. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inalinda visukuku na vitu vya kale, na kuvitoa bila kibali ni kosa. Kuna sababu nzito kuliko sheria. Mfupa ukiondolewa kwenye tabaka lake hupoteza umri wake (tazama swali la kwanza katika sehemu ya "Kabla ya jangwa"). Acha palepale, piga picha, andika mahali, na uwaarifu Makumbusho ya Kitaifa au ofisi ya hifadhi ya Sibiloi.

Kwa nguzo za Namoratunga na makaburi ya mawe ya Wagabra na Warendille, usiondoe jiwe lolote. Ukiwa na mwenyeji, muulize kama inafaa kuongeza lako.